BETRI YA MOYO HAIONDOI VIDONGE

Huku kwetu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa tunawaona wenzetu wanaovimba miguu. Wakipanda kilima kidogo kwenda shamba la kahawa, wanahema. Usiku hawawezi kulala chali. Wengine husema eti wamelogwa. Huenda ni moyo uliochoka. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa miguuni na kwenye mapafu.

Wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge. Vipo vya kutoa maji kwa njia ya mkojo. Vipo vya kuupunguzia moyo mzigo. Vipo pia vya kuutuliza usipige mbio.

Wachache huhitaji pia betri ya moyo. Hiki ni kimashine kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Nyaya nyembamba hupita kwenye mshipa hadi moyoni na kuushtua upige. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa mwilini ni Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Aliishi hadi mwaka 2001. Nchini kwetu betri hizi huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Tuchukue mfano wa mtumbwi. Wapiga kafi wawili wasipopiga pamoja, mtumbwi hauendi mbele vizuri. Moyo nao una pande mbili. Pande hizo zikipishana, ipo betri ya kuzifanya zipige pamoja. Lakini wapiga kafi wakipatana huku mtumbwi umejaa maji, je, watafika? Maji lazima yatolewe. Hiyo ndiyo kazi ya vidonge.

Betri nayo husaidia vidonge. Vidonge vya kutuliza moyo hupunguza mapigo. Mtu ambaye moyo wake hupiga polepole mno, vinaweza kumdhuru. Akiwa na betri, mapigo hayashuki mno, na daktari anaweza kumpa.

Basi, mwenzetu akirudi kutoka Dar es Salaam na betri, akajisikia mzima, asitupe vidonge. Moyo utachoka tena. Apunguze chumvi, hasa samaki wa chumvi. Simu asiiweke mfuko wa shati juu ya betri. Aende kupimwa kila tarehe aliyopangiwa.

Na wewe unayevimba miguu na kuhema, usingoje. Anza zahanati ya kijiji leo.