Jina la tovuti ni la aliyeandikwa daftarini

WAFANYABIASHARA wengi hulipia tovuti, wakapewa anwani na kuichapisha kwenye risiti, mabango na hata magari yao, bila kuuliza jina hilo limeandikishwa kwa nani. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la tovuti nalo ni mali, na daftari lake lipo.

Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, shirika lililoundwa mwaka wa 2002, na huuzwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Yale ya .com na mengine ya kimataifa hufuata kanuni za ICANN, shirika lililoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1998. Jina halinunuliwi milele. Hulipiwa kwa muda maalumu, na muda ukiisha sharti lilipiwe upya.

Kuchungulia daftari hili hakuhitaji malipo. Anayetafuta habari za jina la .ke huliandika katika tovuti ya KeNIC, na wa .com huingia lookup.icann.org. Huduma kongwe ya WHOIS, iliyotumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikoma kuwa ya lazima kwa majina ya kimataifa Januari 28, 2025, na nafasi yake ikachukuliwa na mfumo wa RDAP.

Rekodi huonyesha siku jina liliposajiliwa, siku muda wake utakapokwisha, wakala anayelihudumia na iwapo limefungwa lisihamishwe. Hata hivyo, tangu sheria ya Ulaya ya kulinda data ianze kutekelezwa Mei 2018, majina na simu za wamiliki wa anwani za kimataifa aghalabu hufichwa. Hivyo basi, mwenye mali hana budi kuingia katika akaunti yake kwa wakala ili aone kilichoandikwa.

Humo, la kwanza kukagua ni mmiliki. Mara nyingi fundi aliyeunda tovuti hujiandikisha mwenyewe, na wakikosana na mteja, sajili humtambua fundi. La pili ni baruapepe. Kwa anwani za kimataifa, wakala hulazimika kutuma ilani takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya muda kuisha. Iwapo baruapepe hiyo yategemea jina lilo hilo, jina likizimwa, nayo huzimika. La tatu ni kufuli ya kuzuia uhamisho, ambayo yafaa iwe imefungwa.

Jina la .com lisipolipiwa, wakala aweza kulishikilia kwa hadi siku 45. Likifutwa, mmiliki ana siku 30 za kulikomboa, kwa kawaida kwa ada kubwa zaidi. Siku 5 baadaye, yeyote aweza kulichukua.

Wakubwa pia hujisahau. Desemba 1999, kampuni ya Microsoft haikulipia passport.com, na watumiaji wa Hotmail wakatatizika kuingia hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta alipolipa dola 35 kwa hiari yake.

Anayegundua kuwa jina lake limeandikwa kwa mwingine adai mabadiliko kwa maandishi mapema, uhusiano ungali mwema. Kungoja ugomvi ni kumwachia mwenzake ufunguo wa duka.