Ubao wa Sega na Kelele Uipitishayo

Aliyelala katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa dhiraa nzima, kisha kesho yake akapanda ndege, huenda alistaajabu kuona kwamba ukuta wa chombo kile, juu ya elimu yote iliyotumika kuufanyiza, hauzuii kelele ambazo ukuta wa mwashi huzizuia pasipo jitihada. Sakafu ya ndege, na aghalabu kuta zake za ndani, ni ubao wa sega: mabamba mawili membamba yaliyogandishwa kwa gundi pande mbili za sega lenye vyumba vya pembe sita, la alumini au la karatasi ngumu iliyochovywa katika utomvu.

Kanuni ya kwanza ya kuzuia sauti ni uzito. Uzito wa ukuta ukizidishwa mara mbili, sauti ipitayo hupungua kwa takriban desibeli 6; basi kwa sauti ya mitetemo 500 kwa sekunde, ukuta wa kilo 200 kwa kila mita ya mraba hupunguza, kwa hesabu, desibeli 53, ilhali ubao wa kilo 5 hupunguza 21 tu.

Laiti mambo yangeishia hapo! Ajabu ya ubao huu ni kwamba fadhila yake ndiyo ila yake. Chukua bamba la alumini la unene wa milimita 1, uligawe mabamba mawili ya nusu milimita, kisha utie baina yao sega la milimita 10: uzito utazidi kwa kadiri ya sehemu ya tano, lakini ukakamavu utazidi zaidi ya mara 300. Mawimbi ya kupinda, yatambaayo ndani ya kila bamba linalotikiswa, huongeza mwendo kadiri sauti inavyokuwa nyembamba na kadiri bamba linavyokakamaa. Na mwendo wao ukilingana na ule wa sauti hewani, yaani takriban mita 340 kwa sekunde, sauti ijayo kwa mshazari hulisukuma bamba sawasawa na mwendo wake lenyewe, mfano wa wavuta makasia walioshikwa na wimbo mmoja, ikatokea upande wa pili kama isiyozuiwa. Kwa bamba tupu jambo hili hutukia penye mitetemo 12,000 kwa sekunde, ambako masikio ya wazee hayana habari tena. Kwa ubao wa sega usiolegea, hushuka hata karibu 700, katikati ya mazungumzo ya watu.

Mwaka 1959 wataalamu wa sauti Kurtze na Watters walionyesha njia ya busara: kiini kilicho baina ya mabamba kiwe kigumu kwa kugandamizwa, lakini kilegee kiasi cha kuyaacha mabamba yateleze kidogo, moja dhidi ya jingine, ili mawimbi yale yasiifikie upesi kasi ya sauti. Wengine huongeza ubao wa pili usioshikamana na wa kwanza, wakajaza pamba ya kioo katikati. Lakini kujaza povu katika vyumba vya sega, dawa ipendwayo na wengi, hakufai sana, kwa kuwa sauti haipiti humo kama panya darini. Mabamba yote mawili huenda na kurudi pamoja kama kitu kimoja.

Na ubao huu haumo katika ndege tu: milango mingi ya vyumba iuzwayo siku hizi ina sega la karatasi ndani, nayo ukiigonga huvuma kama debe. Mwenye kutaka kuitengeneza na aanze na upenyo wa chini, maana uwazi wa sehemu 1 tu katika 100 za eneo la mlango hauruhusu upungufu wa sauti kuzidi desibeli 20, hata mlango wenyewe ungekuwa wa msaji mzito.