Picha za mzigo zinapopoteza tarehe njiani

KIGALI. Vigae vimepakiwa Dar es Salaam vikiwa vizima. Siku kadhaa baadaye, lori linapofunguliwa kwenye kituo cha mizigo cha Masaka, wilayani Kicukiro, maboksi ya chini yamepasuka. Mwenye mzigo anatoa simu kutafuta picha alizotumiwa siku ya kupakia. Picha zipo, ila zinaonyesha tarehe ya juzi, siku aliyohamishia vitu vyake kwenye simu mpya. Mwenye lori ana swali moja tu: hizi zilipigwa lini?

Kisa cha namna hii kinaweza kumkuta yeyote anayepokea mzigo kutoka Dar es Salaam au Mombasa na kupatana na wenzake kwa WhatsApp.

Simu inapopiga picha, huandika ndani ya faili siku na saa, aina ya simu na pengine hata mahali. Utaratibu huo, Exif, ulianzishwa Japani mwaka 1995. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa ili iwe nyepesi na maelezo hayo huondolewa. Anayeipokea huona vigae vizuri kabisa, lakini siku haimo tena. Simu yake hubaki ikitegemea tarehe ya faili lenyewe, na hiyo inaweza kubadilika faili likinakiliwa kwenye kifaa kingine.

Pa kuanzia ni jina la faili. Kwenye simu za Android, picha ya WhatsApp hupewa jina kama IMG-20250314-WA0012, yaani mwaka, mwezi na siku. Lakini hiyo ni siku picha ilipopita WhatsApp. Iliyopigwa Jumatatu ikatumwa Alhamisi itabeba Alhamisi, na kwenye mzozo wa mzigo siku tatu ni nyingi.

Dawa hasa iko kwa aliyepiga. Apigiwe simu mapema, kabla hajafuta, aitume upya kama dokumenti badala ya picha. Hapo faili hufika jinsi lilivyo, pamoja na tarehe yake.

Tarehe pia inaweza kurekebishwa kwa mkono. Google Photos na iPhone huruhusu kuibadilisha picha moja moja. Mwenye mamia ya picha anaweza kutumia ExifTool, programu ya bure ya kompyuta iliyotengenezwa na Phil Harvey wa Kanada, ambayo husoma tarehe kwenye majina ya mafaili na kuiandika ndani ya picha zote kwa mkupuo. Isipoamriwa vinginevyo, huacha nakala ya faili la awali, na nakala hiyo isifutwe. Tarehe iliyoandikwa na mwenye mzigo humsaidia kupanga kumbukumbu zake. Haimthibitishii mwenye lori chochote, kwani naye angeweza kuandika anayoitaka.

Saa nazo zina mtego wake mpakani. Rwanda iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Dereva akipiga picha upande wa Ngara saa ya simu ikisoma 10:20, kisha akavuka Rusumo na kupiga nyingine dakika 40 baadaye, simu iliyojirekebisha itaandika 10:00. Ukizipanga, lori linaonekana limefika Rwanda kabla ya kutoka Tanzania! Toleo la Exif la mwaka 2016 liliongeza nafasi ya kuandika tofauti hiyo ya saa, na ExifTool huionyesha pale simu ilipoijaza.

Kwa anayepakia leo kuna njia rahisi kuliko zote hizo: kipande cha karatasi chenye tarehe, saa na namba ya lori, kikiwekwa juu ya maboksi na kupigwa picha pamoja nayo kabla turubai halijafungwa. WhatsApp haiwezi kuifuta.