Mashua Inayomwogopa Kambare

Sokoni Mayoni, kando ya banda la fundi wa pancha, tyubu mbili za trekta zimefungwa kwenye fremu ya mianzi, na upande mmoja limeshonewa gunia tupu la sukari. Nilidhani ni la kukalia. Fundi, ambaye jioni hugeuka mvuvi wa mto Nzoia, alicheka. Gunia ni la kambare.

Kambare hana magamba, lakini mapezi yake ya ubavuni yana mwiba mgumu wenye meno. Akivutwa juu hujipinda na kujirusha, na mwiba huo ukikutana na mpira uliojaa upepo, mvuvi na kitoweo chake hurudi majini pamoja. Ndiyo maana fundi huanza kupanga mashua yake kutoka pale samaki atakapoangukia. Gunia hukunjwa mara mbili upande anaovutia ndoano, na mishono yake hukazwa kwenye mianzi, kwa kuwa sindano haitakiwi kugusa mpira. Kisu hukaa ndani ya kopo lenye kifuniko. Mengine, anasema, yatafuata.

Tyubu moja ya duara huzungushwa na mkondo hadi mvuvi apoteze mwelekeo. Fundi hukaza kila tyubu kwa kamba kabla ya kuijaza ili irefuke, kisha huzilaza mbili sambamba. Ikitoboka ya kushoto, ya kulia bado ina upepo wake wa kumfikisha ukingoni.

Akinunua tyubu hadanganywi na ukubwa. Huizamisha kwenye karai la maji na kutafuta mapovu, hasa kwenye shina la valvu na pembezoni mwa viraka vya zamani. Halafu huukunja mpira kwa vidole, akikagua nyufa za jua. Iliyojazwa pomoni mchana wa joto hulegea ikigusa maji baridi; iliyojazwa alfajiri ikaachwa juani inaweza kupasuka. Basi humalizia kujaza mtoni, kwa pampu ya mguu.

Hesabu ya mzigo ni nyepesi: kila lita ya upepo iliyozamishwa hubeba takribani kilo moja. Tyubu mbili za lita 100 kila moja zingezama kabisa kwa kilo 200, pamoja na uzito wa tyubu zenyewe, kwa hiyo mwenye busara hapakii hata nusu. Nilimweleza habari za mashua za kiwandani, za kitambaa kilichopakwa PVC na zenye vyumba kadhaa vya upepo. Alitaka kujua jambo moja tu: zimevikwa nini upande wa samaki?

Shida yake ni malighafi. Tangu kampuni ya miwa ya Mumias Sugar iwekwe chini ya mrasimu mwaka 2019, anasema, matrekta ya miwa yamepungua barabarani na tyubu kuukuu zimeadimika. Tena mvua zinapofika na samaki aina ya ningu kupanda mto kutaga mayai, Nzoia hufurika na kubeba magogo, na wakati huo ndio anaotamani zaidi kuwa majini.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka vyombo vya uvuvi visajiliwe. Hiki ni chombo? Nambari itaandikwa kwenye mpira utakaotupwa msimu ujao, au kwenye mianzi? Na jaketi la kuokoa maisha, ambalo hana, ni nani atakayemuuliza kwanza: serikali, mkewe, au mteja anayesubiri kambare?