Gari linalolala katika parseli lina bei yake

Baba akifariki, mara nyingi Land Rover yake ya zamani inabaki imelala katika parseli. Mnunuzi anakuja: “Mama, hii ni vyuma tu. Chukua dola 300.” Usikubali mbiombio.

Kwanza, uliza gari kama hilo likitembea vizuri linauzwa ngapi hapa Goma. Pili, ita fundi wako, si wa mnunuzi, akuandikie garama ya matengenezo. Tatu, toa garama hiyo. Tuseme gari zima ni dola 7000, matengenezo 4000: inabaki 3000. Mnunuzi atapunguza kidogo, maana anahatarisha pesa yake. Lakini 300 ni kukudanganya.

Karoseri ya Land Rover ya zamani kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haishikwi na kutu kama chuma. Shasi ndiyo chuma. Fundi aingie chini, aigonge kwa nyundo. Mvua yenye moshi wa Nyiragongo inakula mabati yetu, shasi pia haiachi.

Taa na usukani vya asili, hata vibovu, usivitupe: vinaongeza bei. Tafuta carte rose. Ikikosekana, bei inashuka. Na mbele ya kuuza, familia ikubaliane, kwani watoto ni warithi.