Tezi za Shingoni: Majirani Wenye Kazi Mbalimbali

Katika eneo la Upper Hill, Nairobi, imesimama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ilianzishwa mwaka 1901, na katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru wa 1963 ilijulikana kwa jina la King George VI. Miongoni mwa wagonjwa wanaopelekwa huko kutoka pande zote za nchi wamo wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo. Wako watu wanaolitazama rovu kama kasoro ya sura tu, na wengine hunong'ona habari za uchawi. Lakini aghalabu rovu ni ishara kwamba tezi moja ya mwili yataabika katika kazi yake.

Tezi hiyo huitwa thairoidi. Imekaa mbele ya koo, na sura yake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Hutengeneza homoni zinazoingia katika damu na kuuamuru mwili mzima ufanye kazi kwa mwendo gani. Homoni hizo zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, ngozi hukauka na fikira huwa nzito. Zikizidi, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, naye hukonda ijapokuwa anakula vizuri.

Thairoidi haiwezi kutengeneza homoni zake bila iodini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 hivi kwa siku. Kijiko kimoja cha chai chatosha umri wake wote. Lakini yapasa aipate daima. Ikikosekana, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo huihimiza thairoidi iongeze juhudi, nayo hufura. Katika nchi za milima, mvua za miaka mingi zimeosha iodini udongoni, basi mazao ya huko huwa na iodini haba. Hasara kubwa kuliko zote humpata mtoto aliye tumboni. Mama akikosa sana iodini, ubongo wa mtoto haukui sawasawa, na hakuna shule iwezayo kurudisha kilichopotea.

Nyuma ya thairoidi zimejificha tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Hizo ni parathairoidi, ambazo Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alizieleza katika mwili wa binadamu mwaka 1880. Ingawa ni majirani wa thairoidi, kazi yao ni nyingine kabisa: hupima kalsiamu iliyomo katika damu. Zaweza kufananishwa na karani wa ghala. Mifupa ndiyo ghala, na kalsiamu ya damu ikipungua, parathairoidi huagiza mifupa itoe akiba na figo zisiipoteze katika mkojo. Kalsiamu ikizidi kupungua, midomo na vidole hufa ganzi, na misuli hukakamaa.

Kwa sababu hiyo kupasua shingo ni kazi ya daktari mstadi. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, aliona kwamba wagonjwa walioondolewa thairoidi yote walidhoofika mwili na akili. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo hupewa vidonge vya homoni kila siku, na daktari hujitahidi kuziacha parathairoidi salama.

Lakini kuzuia ni bora. Tangu 1978 sheria ya Kenya imeagiza chumvi ya chakula itiwe iodini. Mnunuzi na asome maandishi ya pakiti, wala asidhani kwamba chumvi yatosha kwa kuwa imetoka baharini, maana chumvi ya bahari isiyotiwa iodini ina kiasi kidogo mno. Chumvi iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Na mwenye uvimbe shingoni asichanjwe wala kukandwa. Aende hospitali apimwe damu, ili ijulikane ni tezi ipi yenye taabu.