Pikipiki Ikikohoa Njiani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Je, jambo hili limekwisha kukufikia? Umetoka Kasongo asubuhi na mapema, umebeba mtu na mzigo, unakwenda upande wa Kabambare. Pikipiki inakwenda vizuri. Halafu inaanza kukohoa, ko, ko, ko, na inazima katikati ya pori. Unapiga kiki mpaka mguu unauma. Baada ya muda inakubali kuwaka, inakwenda kidogo, inazima tena.

Mimi ilinifikia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja. Hakufungua kitu. Alisikiliza kidogo tu, akasema: "Pasta, hii karbirateri imekufa. Inaomba mpya." Nikauza mbuzi wawili, nikachukua na pesa ya shule ya binti yetu aliye sekondari. Karbirateri mpya ikafungwa. Kesho yake, njiani, pikipiki ikazima vilevile. Na binti yetu akarudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya minervali.

Mwishowe kijana mmoja, dereva wa pikipiki, alinikuta nimekaa chini ya mwembe. Aliniuliza jambo moja tu: "Papa Pasta, ikizima, unafungua kifuniko cha tanki?" Nikafungua. Tukasikia hewa inaingia: fuuu! Nikapiga kiki, ikawaka. Kumbe kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa, na matope yalikuwa yameliziba. Esansi inaposhuka, lazima hewa iingie tankini kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, esansi nayo inakataa kushuka. Tulizibua tundu kwa mwiba. Bei yake? Bure.

Hapo nilijifunza. Muuguzi mzuri hatoi kinini kabla ya kupima damu. Na wewe, usinunue kipuri kabla ya kujua ugonjwa. Injini ndogo ya esansi, iwe ya pikipiki au ya skuta, inaomba vitu vinne tu: esansi safi, cheche ya moto, hewa, na nguvu ya kukandamiza. Vipime kimoja kimoja, ukianza na kile kisichokula pesa.

1. ESANSI

Kwanza fungua tanki, uangalie kwa macho. Wengi wamesukuma pikipiki kilomita nyingi, kumbe robine ilikuwa imefungwa.

Esansi yetu inatoka mbali, inapita bidoni nyingi, halafu inauzwa kwa chupa kando ya njia. Mara nyingine imeingiwa na maji. Imimine katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini na utaona mpaka wake. Wengine wanachanganya na petroli ya taa. Tia tone moja juu ya karatasi safi: esansi nzuri inakauka, petroli inaacha alama ya mafuta. Petroli inafanya injini igonge, itoe moshi, na iwe ngumu kuwaka.

Kama esansi ni safi, legeza skrubu iliyo chini ya karbirateri. Esansi ikitoka, inafika. Isipotoka, tafuta kizuizi juu: tundu la kifuniko, robine, au filta. Kama inafika lakini injini inakosa nguvu au haitulii ralanti, labda uchafu umeziba jigleri, kile kitundu kidogo ndani ya karbirateri. Kioshe kwa esansi, ukipulize kwa pampu ya baiskeli. Usichokonoe kwa waya. Waya unapanua tundu, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa esansi kama ng'ombe.

Vijana, angalieni: msifanye kazi hii karibu na sigara, taa au jiko. Wala msinyonye esansi kwa mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni upesi hospitali.

2. CHECHE

Fungua bujii na uisome rangi, maana bujii ni ulimi wa injini. Ikiwa kahawia, ni afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, esansi ni nyingi au hewa ni kidogo. Ikiwa na majimaji ya mafuta, mafuta ya injini yanapanda ndani. Ikiwa nyeupe kabisa, injini inapata joto kupita kiasi. Mara nyingi esansi ni kidogo.

Isafishe, uirudishe katika kofia yake, ulaze chuma chake juu ya injini, mbali na esansi iliyomwagika na mbali na tundu la bujii. Halafu piga kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na ina nguvu. Ikiwa ya manjano na dhaifu, jaribu bujii nyingine. Ikikosekana kabisa, fuata waya na kofia, na uangalie kama maji ya mvua yameingia. Nafasi kwenye ncha ya bujii, kwa pikipiki ndogo nyingi, ni milimita 0.6 au 0.7.

3. HEWA

Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la njia zetu linajaza filta. Injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi. Filta ya sponji ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, uipake mafuta ya injini kidogo, uikamue. Filta ya karatasi haioshwi. Ipigepige tu, na ikichoka ibadilishwe. Kuna wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue." Hao wanalisha injini mchanga, na mchanga unakula pistoni na segma.

4. NGUVU

Bujii ikiwa nje, weka kidole gumba juu ya tundu lake, mwenzako apige kiki. Pumzi lazima isukume kidole chako. Ikiwa dhaifu, angalia supapa kabla ya kulia. Pikipiki nyingi za Kichina zimeigiza injini ya Honda CG125 ya miaka ya 1970. Ndani yake nafasi ya supapa ni milimita 0.08 tu, na inapimwa injini ikiwa baridi. Supapa ikibana, haifungi vizuri. Pikipiki inapoteza nguvu na inasumbua kuwaka. Kurekebisha hakuhitaji kipuri. Lakini kama kuna moshi wa bluu na mafuta ya injini yanapungua kila siku, segma au mipira ya supapa imechoka. Hapo ni kazi ya fundi.

Sisemi mafundi ni wabaya. Fundi anayepima anastahili mshahara wake. Umwombe akuonyeshe ubovu kabla hujatoa pesa, na akurudishie kipuri cha zamani mkononi.

Ndugu zetu wa Namoya na Salamabila, vijana wengi wanatoa jasho katika dhahabu ili wanunue pikipiki. Ni vizuri. Lakini pikipiki inalisha nyumba, au inakula nyumba. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, uliyembeba usiku, hana nafasi ya kungoja ujifunze njiani. Jifunze leo, mbele ya mlango wako.

Mimi nilimwomba binti yangu msamaha. Alicheka, akasema: "Baba, siku nyingine anza na kifuniko." Sasa yeye ndiye anayeosha filta kila Jumamosi, na anasoma bujii kunishinda mimi.

Basi kata ukurasa huu, uukunje, uuweke chini ya kiti pamoja na funguo ya bujii. Na ikizima njiani, usikasirike. Fungua kifuniko kwanza, usikilize.